Nyumba ya nguzo moja: kutafuta uyoga na watoto katika miombo ya Kirando

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina nguzo moja."

Mtoto aliyekulia mjini atajaribu mwavuli, atajaribu meza ya mguu mmoja, na mwisho atatoa mji. Mtoto aliyezoea kwenda porini na bibi yake wakati wa mvua hana haja ya kutoa mji. Anajua jibu ni uyoga, na pengine anajua hata mti ambao chini yake nyumba hiyo huota kila mwaka.

Kirando, mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, unasifika kwa dagaa na migebuka. Mgeni akifika, macho yake huenda moja kwa moja ziwani, kwenye mitumbwi na vichanja vya kuanikia samaki. Ni wachache wanaogeuka kutazama nyuma. Lakini nyuma ya mji kuna miinuko inayopanda hadi kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, na kwenye miinuko hiyo kuna misitu ya miombo. Mvua zikishika, ardhi ya misitu hiyo hutoa mboga ambayo hakuna aliyeipanda.

Kwa mzazi anayewaza watoto wafanye nini likizo ya Desemba, hii ni safari nzuri na ya gharama ndogo. Likizo huangukia wakati mvua zimeanza na uyoga unatoka. Ila safari hii ina jambo moja zito: ardhi ileile inayotoa mboga hutoa pia sumu, na mara nyingine vyote viwili hufanana kama pacha. Kwa hiyo mzazi anahitaji kujua mambo mawili kabla ya kubeba kikapu: mahali pa kutazama, na mtu wa kuongozana naye.

Kushuka kutoka Ufipa

Familia nyingi zinazokwenda Kirando kwa likizo hutokea Sumbawanga. Mji huo uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za huko zina baridi. Barabara inapita Chala hadi Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni uwanda ulio wazi: majani, mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, na ng'ombe. Miti ya asili ni michache, na mtoto anayetazama dirishani ataona mbali sana.

Ukiacha Namanyere kuelekea ziwani, sura ya nchi inabadilika. Barabara inaanza kushuka, hewa inapata joto, na miti inasogea karibu. Ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani safari nzima ni mteremko wa karibu kilomita moja kwenda chini. Katika mteremko huo ndipo miombo ilipo.

Neno miombo linatokana na jina la miti ambalo watu wa nchi nyingi za Kibantu wanalo. Misitu hii inaanzia Tanzania na kuendelea hadi Zambia, Kongo, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Angola. Si misitu minene yenye giza. Miti imeachana, jua linafika chini, na majani huota katikati yake. Mtu akiingia humo anaweza kumwona mwenzake aliye hatua 30 mbele, na hilo ni jambo zuri kwa mzazi mwenye watoto wasiotulia.

Kuna alama moja ambayo watoto huipenda. Mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati ardhi bado imekauka na hakuna hata tone la mvua, miombo huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu na ya shaba. Mteremko mzima unaonekana kama umeshika moto usio na moshi. Mvua zinapofika, karibu na Novemba, majani hayo yameshakuwa ya kijani. Aliyeiona rangi hiyo akiwa Kirando ajue kwamba msimu wa uyoga hauko mbali.

Anza na mti

Kosa la anayeanza ni kutembea akitazama chini tu. Wanaojua porini hutazama juu kwanza, wakaujua mti, ndipo wakainama.

Sababu yake ni hii. Kile tunachokiita uyoga ni tunda tu. Mwili wenyewe umefichika udongoni: nyuzi nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zilizotandaa kama wavu. Nyuzi hizo hujifunga kwenye ncha za mizizi ya miti fulani, na hapo biashara inaanza. Nyuzi huupa mti maji na madini kutoka mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki. Mti hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani juu kwenye jua. Kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Miti yenye urafiki huo katika miombo ni pamoja na mtundu, miyombo yenyewe, na mkusu, ule unaozaa makusu wanayoyapenda watoto. Ndiyo maana uyoga mwingi unaoliwa haupatikani popote tu. Unapatikana chini ya miti hiyo na pembeni yake, mwaka baada ya mwaka, mradi mti uwe hai. Mtoto akifundishwa kuutambua mtundu na mkusu, ameshafundishwa nusu ya kazi.

Uyoga ulio rahisi kuuonyesha kwa mtoto chini ya miti hii ni ule wa njano. Una rangi kama kiini cha yai, mwingine huelekea rangi ya chungwa. Ukikomaa hufanana na tarumbeta au faneli: juu umepanuka, chini umekuwa mwembamba. Ukiugeuza, huoni vipande vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Unaona mikunjo inayoshuka na kuingia kwenye shina, kana kwamba shina na kofia ni kitu kimoja. Wataalamu wanauweka katika kundi la Cantharellus, na watu wa Ulaya huuza ndugu zake sokoni kwa bei kubwa.

Mahali pa kuutafuta ni kwenye mteremko usiotuamisha maji, penye miti mikubwa ya zamani, majani makavu yakiwa yametandika chini kwa kiasi. Kingo za njia za miguu ni nzuri, kwa sababu jua na mvua hufika hapo na macho hayazuiliwi na majani marefu. Hautoki siku ya mvua ya kwanza. Ardhi inatakiwa ilowe sawasawa kwanza. Na ukiupata mmoja, simama. Usipige hatua nyingine kabla ya kutazama pande zote, maana mara nyingi uko katikati ya kundi na huenda umeshaanza kuukanyaga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na watoto, kwa kuwa wako karibu na ardhi, huona kabla ya wakubwa.

Shamba la mchwa

Mahali pa pili pa kutazama hapana uhusiano na mizizi ya miti. Ni kichuguu.

Wenyeji wa mikoa yote ya miombo wanajua kwamba mvua za kwanza zinapopiga, kumbikumbi huruka, na baada ya siku chache uyoga hutoka juu ya kichuguu au pembeni yake. Wasichokijua watoto wengi ni kwamba mchwa hao ni wakulima. Wao huleta vipande vya miti na majani makavu nyumbani, wakavitafuna, wakavijenga kama sega la asali, na juu ya sega hilo wanaotesha kuvu. Kuvu hiyo hulainisha kile ambacho mchwa hawawezi kukimeng'enya wenyewe, nao wanakula. Kilimo hicho kilianza hapa Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, kabla hakujakuwa na binadamu wa kushika jembe.

Mvua ikilainisha udongo, kuvu hiyo hupeleka tunda lake juu. Kwa kuwa shamba liko chini sana, uyoga wa kichuguu una shina refu linaloendelea ardhini kama mzizi, wakati mwingine kwa urefu wa mkono mzima. Kofia yake ina kichuchu katikati, kigumu na chenye ncha, ambacho ndicho kilichotoboa udongo. Mtoto aachiwe auchimbe mmoja polepole kwa kijiti badala ya kuung'oa. Akiufuata mzizi hadi mwisho, somo la sayansi la muhula mzima litakuwa limekaa kwenye kiganja chake.

Kundi hili huitwa Termitomyces. Lina wadogo na wakubwa. Wadogo kabisa hutoka mamia kwa mamia, weupe, kama mtu amemwaga punje za mahindi chini. Wakubwa wamevunja rekodi ya dunia: aina iliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, nchi inayopakana na Rukwa, kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Mtoto anaweza kujikinga nayo mvua, na hapo yule aliyejibu "mwavuli" kwenye kitendawili ataona hakukosea sana.

Pamoja na utamu wake wote, uyoga huu haujaweza kulimwa kibiashara kama ule unaouzwa kwenye masoko ya mijini. Bila mchwa, hakuna uyoga. Ndiyo sababu mwenye busara hakibomoi kichuguu kilichomlisha.

Magogo na msitu wa Mbizi

Mahali pa tatu ni kwenye magogo yaliyooza. Hapa kazi ya uyoga ni kuvunja mti uliokufa na kuurudisha udongoni. Watoto wataona ule mgumu kama mbao unaojitokeza kwenye gogo kama rafu ya vyombo, na ule laini wa kahawia unaofanana na sikio la mtu. Wa sikio ukikauka hujikunja na kuwa mgumu, ukinyeshewa huvimba tena kana kwamba haujafa.

Kwa familia iliyobaki Sumbawanga, magogo ndiyo hoja ya kwenda kutazama Msitu wa Mbizi, ulio milimani karibu na mji. Mbizi si miombo. Ni msitu wa mlimani wenye ukungu na unyevu, makazi ya mbega wekundu. Anayetarajia kupata humo uyoga wa njano wa Kirando atarudi mikono mitupu, kwa sababu rafiki zake mtundu na mkusu hawako. Lakini kwa kutazama maumbo na rangi kwenye magogo, ni shule nzuri, na tofauti kati ya misitu hiyo miwili inamfundisha mtoto lile somo la kwanza: ujue mti kwanza.

Bibi anapotupa

Chukulia mama mmoja aliyetoka Sumbawanga na watoto wake wawili, akafikia kwa mama yake Kirando. Asubuhi mvua imekatika. Wanapanda taratibu kuelekea kwenye miti, bibi mbele na kikapu chake, wajukuu katikati, mama nyuma. Baada ya saa moja kikapu kina uyoga wa njano wa kutosha kufunika sehemu yake ya chini. Ndipo mjukuu mdogo anapiga kelele.

"Bibi! Njoo uone mkubwa!"

Ameshika uyoga mweupe, msafi, mzuri kuliko wote wa siku hiyo. Una pete kwenye shina kama sketi fupi, na chini kabisa, pale alipoung'oa, umekaa ndani ya kitu kama kikombe au ganda la yai lililopasuka.

Bibi anaupokea. Anaugeuza, anaunusa, anatazama mahali ulipotoka, anatazama mti. Kisha anauweka chini.

"Huu tunauacha, mjukuu wangu."

"Kwa nini, bibi? Ni mzuri!"

"Uzuri nimeuona. Lakini siujui."

Mama mtu anaingilia kati. "Mama, si ni ule mweupe tuliokuwa tunakula zamani?"

"Unafanana nao, mwanangu. Kufanana si kuwa ndiyo wenyewe. Nenda ukanawe mikono na mtoto."

Hapo ndipo somo kubwa la siku lilipo. Uyoga mweupe wenye pete na kikombe ni wa kundi la Amanita. Katika kundi hilo kuna aina zinazoliwa kwa raha katika nchi za miombo, na kuna aina zinazoua kuliko uyoga mwingine wowote duniani. Ni ndugu wa tumbo moja. Bibi mwenye miaka 60 porini anaijua ile anayoila kwa mambo mengi kwa pamoja: rangi, harufu, mti, mwezi, mahali. Jambo moja lisipokaa sawa, anatupa. Sifa ya anayejua uyoga haipimwi kwa ukubwa wa kikapu chake. Inapimwa kwa vile alivyoviacha porini.

Mzazi anayetafuta wa kumwongoza atumie kipimo hicho. Akikutana na mtu anayejibu "huu unaliwa" kwa kila kinachookotwa, aagane naye kwa heshima na atafute mwingine.

Vipimo vinavyodanganya

Kuna mambo ambayo watu huambiana kwa miaka mingi, siku hizi hata kwenye makundi ya WhatsApp, na hayana ukweli. Kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama kwa mtu. Kwamba ukipika na kitunguu au sarafu na visibadilike rangi, hauna sumu. Kwamba uyoga wa sumu ni mchungu, au lazima uwe na rangi kali. Kwamba ukichemshwa sana sumu inaisha. Sumu kali ya Amanita haiishi kwa kupikwa wala kwa kukaushwa, na waliopona baada ya kuula wamewahi kusema kwamba ulikuwa mtamu.

Programu za simu za kutambua uyoga kwa picha nazo zinakosea. Picha haina harufu, haioni mti, na haijui kilichobaki ardhini. Itumike kwa mchezo wa kujifunza majina, isitumike kuamua chakula cha mtoto.

Mahali pengine ambapo wengi hudanganyika ni nyumbani penyewe. Uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unaoota kwenye nyasi za uwanja wa shule, kanisa au mbele ya nyumba, na ambao chini ya kofia hugeuka rangi ya kijani kadiri unavyokomaa, ni wa sumu. Hauui mara nyingi, lakini hutapisha na kuharisha vibaya, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji haraka. Ukiwa mchanga ni mweupe kotekote, na wengi huudhania wa kichuguu. Hapa ule mzizi mrefu unasaidia: uyoga wa nyasi hauna.

Dalili za hatari zina ujanja wake. Uyoga unaoleta kutapika ndani ya saa moja au mbili kwa kawaida si ule unaoua. Ule unaoua hukaa kimya saa 6 hadi 24. Kisha huja kutapika na kuharisha, halafu mgonjwa anapata nafuu na familia inamshukuru Mungu, huku ini linaendelea kuharibika. Kwa hiyo mtu aliyekula uyoga na kuumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama anasema amepona. Wabebe na kipande cha uyoga uliobaki, mbichi au uliopikwa. Maziwa na mafuta ya kula si dawa ya sumu hii.

Adabu za porini

Ukitoka Kirando na watoto, uliza kwanza. Misitu mingine ni hifadhi ya kijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji nafasi ya kuisimamia na kuweka taratibu zake. Mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji itasema wapi pa kupita. Mingine ni hifadhi za serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Nkasi ina pia Pori la Akiba la Lwafi, lenye wanyamapori, ambalo haliingiliwi bila kibali. Huko si mahali pa kutafutia uyoga.

Watoto wavae viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu, kwa sababu ya nyoka na majani yenye umande. Waende asubuhi, warudi kabla ya mawingu ya mchana. Radi za Rukwa si za kuchezea, na chini ya mti si mahali pa kujikinga.

Wabebe kikapu. Uyoga ukiwekwa kwenye mfuko wa plastiki hutoka jasho na kuharibika kabla ya kufika nyumbani, na mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Ule ambao bibi hajauthibitisha usichanganywe na mboga hata kwa dakika moja. Ukihitajika kwa kujifunza, ukae kwenye karatasi yake. Na watoto wanawe mikono kabla ya kula chochote.

Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, ushauri mzuri ni huu: msimu wa kwanza uwe wa kutazama tu. Watoto wapige picha, wachore, wahesabu aina. Anayekwenda kwa kutazama hana tamaa ya kujaza kikapu, na tamaa ndiyo inayomfanya mtu aseme "nadhani ndiyo huu".

Kinachoweza kupotea

Mwaka 2003 kilitoka kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, kilichoandikwa na watafiti wa Finland, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Leonard Mwasumbi. Ili kukiandika, watafiti waliwafuata watu wa vijijini na kuwauliza: huu mnauitaje, huu mnakula, huu mnauacha? Baada yao, Donatha Tibuhwa wa chuo hichohicho ameendelea kuchunguza uyoga wa vichuguu na ule wa njano. Wenye shahada walikwenda kujifunza kwa wenye vikapu, na vikapu hivyo kwa sehemu kubwa vinabebwa na wanawake na watoto.

Elimu hiyo haikai kitabuni yote. Inakaa kwa bibi, na bibi hudumu miaka yake tu. Mtoto anayemaliza darasa la saba bila kwenda naye porini hata siku moja hatajua cha kumwuliza. Atakapokuwa mzazi, atakuwa na njia mbili: kuogopa uyoga wote, au kuokota kwa kubahatisha.

Kitu kingine kinachoweza kupotea ni mti. Kuchuma uyoga kwa kiasi hakuumalizi, kama vile kuchuma embe hakuui mwembe, kwa sababu nyuzi zimebaki udongoni. Lakini mtundu ukikatwa kwa mkaa, au mteremko ukifyekwa wote kwa shamba, zile nyuzi zinakosa anayezilipa sukari, nazo hufa. Mwaka unaofuata mvua itanyesha kama kawaida, kumbikumbi wataruka, na uyoga wa njano hautatoka. Familia itadhani mvua ilikuwa mbaya.

Habari njema ni kwamba miombo ina moyo mgumu. Visiki vyake huchipua, mizizi iliyobaki hutoa machipukizi, na eneo likiachwa bila moto wa kila kiangazi na bila shoka, miti hurudi. Ila huchukua miaka mingi, zaidi ya utoto wa mtoto mmoja.

Daftari la jioni

Jioni, uyoga wa njano umekwisha kuoshwa mara tatu kutoa mchanga. Bibi anauchemsha, anamwaga maji ya kwanza, anaongeza nyanya, kitunguu na karanga zilizotwangwa. Upande mwingine kuna ugali wa ulezi. Dagaa wamepumzika siku hiyo.

Wakati sufuria iko jikoni, mama anawakalisha watoto na daftari. Wanachora ramani ya walikopita: njia ya miguu, jiwe kubwa, mkusu wenye tawi lililovunjika, kichuguu cha pili kushoto. Mkubwa anaandika tarehe na siku mvua ilipoanza. Mdogo anachora uyoga wa njano, na pembeni yake ule mweupe wenye kikombe. Anauliza autie rangi gani.

"Uache mweupe," bibi anasema kutoka jikoni. "Na chini yake andika: bibi hakuujua."